Waliopanda Mkokoteni wa Mzee Mabula

Mvua ya kwanza ikishanyesha juu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoanguka, harufu inayopanda huwezi kumweleza mtu aliyekulia kwingine. Ni tamu na chachu kwa pamoja, inakaa kooni, na kama una nguo umeanika karibu itaingia hadi kwenye nguo. Majuzi niliikuta njiani nikitoka Nachingwea kurudi Ruangwa, ninakofundisha hesabu, nikamwambia kijana wa bodaboda asimame. Akadhani nimebanwa haja, akageukia upande wa pili kwa adabu na kuchezea simu yake. Mimi nilisimama tu chini ya mikorosho ya watu nikivuta pumzi, macho yamejaa machozi, na sikuwa na huzuni hata kidogo.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu wa Mtua mnajua kwamba kila mtu ana msimu wake mmoja anaoukumbuka kuliko mingine. Wangu ni ule ambao mvua iliwahi, korosho zikalowa zikiwa bado chini ya miti, na mama yangu alikuwa mjamzito. Ndio msimu ambao niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna mkokoteni unaoua watu, na kwamba mama alikuwa anakwenda kuupanda.

Mkokoteni ulikuwa wa Mzee Mabula, Msukuma aliyekuja na familia na ng'ombe wake kutoka huko Kanda ya Ziwa, akapewa eneo pembeni ya kijiji. Kwetu watu walikuwa na kuku, mbuzi, labda na baiskeli. Ng'ombe anayefungwa nira akavuta gari tulikuwa tumemwona kwenye picha za vitabu vya shule tu. Maksai wake wawili walikuwa wakubwa wa kutisha. Gari lenyewe lilikuwa la mbao, limewekewa magurudumu ya gari lililokufa zamani, na ekseli yake ilikuwa inalia. Mzee aliipaka oili chafu kila alfajiri, ikatulia kidogo, kufika mchana imeanza tena, ngwii, ngwii, unaisikia ikiwa bado iko kule bondeni.

Wakulima na wafugaji wana maneno yao, ya ng'ombe kuingia shambani na mengine, na hayo leo siyafukui. Nasema tu kwamba mtoto huyasikia yote huku akijifanya anacheza. Tulijua wale ni wageni. Tulijua pia kwamba mvua zikianza tunawahitaji, maana njia ya kutoka kwetu kwenda barabara kubwa ilikatwa na korongo. Kiangazi pikipiki inapita vizuri. Masika tope la pale linameza pikipiki hadi kwenye tangi, na gari ndiyo usiseme. Maksai wa Mzee Mabula walikuwa wanapita. Kwa hiyo mtu akizidiwa masika, watu walikwenda kumwita.

Wa kwanza ninayemkumbuka ni bibi mmoja jirani yetu, aliyelala kitandani hata kugeuka hawezi. Akapandishwa, akarudishwa amefunikwa shuka. Akafuata kijana aliyeumwa na nyoka shambani. Ndugu zake walimzungusha kwa waganga mpaka mguu ukabadilika rangi, ndipo wakakumbuka hospitali. Naye akarudi vivyo hivyo. Kisha Mzee Hemedi, mwadhini wetu, aliyekuwa akisumbuliwa na kifua. Alfajiri iliyofuata aliadhini mtu mwingine, na sauti yake ngeni ilituamsha watoto wote, tukajua naye amekufa.

"Gari lile lina lake jambo," alisema Mama Shaibu, jirani yetu wa upande wa pili, mwanamke mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kukupa kiazi. Alikuwa kaketi uani kwetu akimsaidia mama kuchambua korosho. "Nani kapanda akarudi anaongea? Nitajieni mmoja tu."

Mama aliendelea kuchambua korosho zake.

"Basi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Watoto tulilichukua neno lile tukalifanyia kazi. Tukisikia ekseli inalia, tulibana pumzi na kukunja dole gumba ndani ya ngumi mpaka mkokoteni upite. Ukipumua kabla haujapita, atakufa mtu wa kwenu. Juu ya mkokoteni mara nyingi alikuwa amekaa Kabula, binti wa Mzee Mabula, niliyesoma naye darasa moja. Alikuwa anakwenda kuchota maji, ndoo zikigongana, miguu ikining'inia, na alikuwa anatupungia. Sisi tulikuwa tumebana pumzi, mashavu yamevimba, na hakuna aliyempungia. Nikikumbuka mkono wake ule unavyoshuka taratibu naumia mpaka leo.

Mtaniuliza, kama mkokoteni unaua, Kabula je? Nililifikiria sana hilo, na jibu nilikuwa nalo. Kabula alikuwa amechanjwa chale za kinga.

Kabla ya mimba ile mama alikuwa amejifungua nyumbani mtoto ambaye hakulia, na yeye mwenyewe akatokwa na damu mpaka wanawake wakaanza kunong'ona. Nilikuwa mdogo, nakumbuka miguu ya watu mlangoni na baba akiwa amekaa chini kwenye vumbi, kitu ambacho hakukifanya kamwe. Kwa hiyo safari hii nesi wa zahanati alimkalisha mama akamwambia bila kuzunguka, "Mama Somoe, wewe usinisubirie uchungu. Damu ikianza huku sina cha kukupa. Wiki zikikaribia, nenda Nachingwea mjini ukae kwenye nyumba ya wajawazito, ujifungulie hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mama alirudi akamwambia baba, mimi nikiwa nageuza korosho uani, "Mvua hizi pikipiki haivuki. Nitamwomba Mzee Mabula anipeleke."

Niliangua kilio kama niliyepigwa. Nikamvamia mama, nikamshika kanga yake kwa mikono miwili. "Usipande, mama! Wote waliopanda walikufa!"

Kwa mama wengine hapo ningepata kofi, au ningeambiwa ninyamaze nisimtabirie mzazi mabaya. Baba mwenyewe alikuwa ameshafungua kinywa. Mama akainua mkono kumzuia, akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nimelisha kuku, "Wote akina nani?"

Nikawataja.

"Na Kabula? Si anapanda kila siku na ndoo zake?"

"Kabula kachanjwa."

"Kachanjwa na nani?"

"Sijui. Wasukuma wote wamechanjwa."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo, na baba akacheka kwa sababu yeye amecheka, na mimi nikazidi kulia kwa hasira ya kuchekwa. "Haya," akasema akijifuta macho, "njoo hapa, mganga."

Msimu ule mama alikuwa ametandika majamvi mawili uani. La mbele lilikuwa la korosho safi, zilizookotwa kavu. La nyuma, karibu na jiko, lilikuwa la zile zilizookotwa zimelowa na kuanza madoa. Aliziweka mbali na zile safi, zipigwe jua na kugeuzwa mara nyingi, kuona kama zitapona. Kazi ya kuzigeuza ilikuwa yangu, na kutoa zilizoharibika ilikuwa yangu pia, kwa hiyo nilikuwa nazijua.

"Za jamvi hili la nyuma, nyingi zinakuwaje?"

"Zinaoza."

"Na za jamvi la mbele?"

"Hazioz... moja moja tu."

"Kwa hiyo jamvi la nyuma ndilo linaloozesha korosho. Tulichome moto."

Nilicheka na kamasi zangu. "Jamvi haliozeshi, mama! Si zimeletwa hapa zimeshalowa!"

"Ee," akasema. "Zimeletwa zimeshalowa." Akaokota moja, akaigeuza. "Yule bibi alipandishwa kwenye mkokoteni akiwaje?"

"Hoi."

"Na yule wa nyoka?"

"Hoi."

"Mzee Mabula anaitwa lini, Somoe? Anaitwa mganga akishashindwa, mgonjwa hata kukaa hawezi. Akiwa anaweza kukaa nani anahangaika na ng'ombe? Halafu mnasema gari. Na waliokufa vitandani mwao bila kupanda chochote, hao umewahesabu?"

Sikuwa nimewahesabu. Walikuwepo, tena wengi, hata mdogo wangu asiyelia alikuwa miongoni mwao.

"Hukuwahesabu kwa sababu hawakupita njiani wakilia ngwii ngwii," alisema mama. Safari hii hakucheka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa pale pale. Sikuelewa. Mtoto akishaogopa, hoja moja haimtoshi. Nikamwuliza, "Lakini kama linaua kidogo tu?"

Namshukuru Mungu kwa mama aliyeona kwamba hilo ni swali. Alikwenda jikoni akatoka na kipande cha mkaa. Akachota kiganja cha korosho safi kutoka jamvi la mbele, akazitia alama ya mkaa moja moja, akazichanganya na zile mbovu za jamvi la nyuma. "Hizi zimepanda mkokoteni zikiwa nzima," akasema. "Tutaona kama jamvi lina lake jambo." Kisha akanituma chini ya mkorosho wa mwisho, nikahakikishe kwamba korosho zilizolowa tulizoziacha pale bado zipo, na nisiziokote. "Hizo ni wagonjwa waliokataa kupanda. Ukitaka kujua kama jamvi linasaidia, usilinganishe na za mbele ambazo hazijawahi kuumwa. Linganisha zilizolowa zikaletwa na zilizolowa zikaachwa."

Nilizigeuza korosho zile kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha tena katika kazi ya nyumbani. Jua lilitoka, mvua ikarudi, tukaziingiza ndani, tukazitoa tena. Siku mama aliposema zimetosha, alikaa na kisu akazipasua, mimi nimekatazwa kusogea kwa ajili ya maji ya maganda yanayobabua ngozi. Zenye alama ya mkaa zilikuwa nyeupe ndani, safi, kana kwamba hazijui zimelala na nani. Zile zilizoletwa zimelowa, nyingi zilikuwa zimeharibika kweli, lakini zilikuwepo zilizopona, si haba. Za chini ya mti, kila aliyoipasua ilikuwa nyeusi. Alipasua mpaka nikamwambia basi, mama, inatosha.

Siku hizi ninapofika kwenye mada ile ya uwezekano wenye sharti, wanafunzi wangu huona kistari kimoja kilichosimama katikati ya herufi mbili wakakunja uso kama wamepewa kwinini. Nawaambia kistari hicho kinasomeka "ikiwa", na kilichoandikwa kulia kwake ni jamvi. Kabla hujahesabu chochote, jua uko kwenye jamvi gani, na usihesabu korosho za jamvi lingine. Uwezekano wa kufa ikiwa umepanda mkokoteni ni swali moja. Uwezekano wa kufa ikiwa umepanda ukiwa hoi ni swali lingine, ikiwa umepanda ukiwa mzima ni lingine, na ikiwa ulikuwa hoi ukabaki kitandani ni lingine tena. Kijiji chetu kilikuwa kimejibu swali moja kikadhani kimejibu yote. Wanafunzi huandika, wengine huelewa, na mimi huwa nasikia harufu ya mkaa.

Lakini mama hakuwa na uwezo wa kuondoka kwa ridhaa ya baba peke yake. Kwa watu wetu mwenye neno juu ya mwanamke na watoto wake ni kaka yake, na kaka yake mama alikuwa Mjomba Issa, aliyekaa Chunyu, upande wa Ruangwa. Alipopata habari alikuja siku ya pili yake, ametapakaa tope hadi kiunoni. Hata maji ya kunywa hakuyapokea.

"Dada, nimesikia maneno siyaamini. Unataka kupanda gari la maiti?"

"Karibu, kaka. Kaa kwanza."

"Sikai. Mwaka ule nilikuja hapa nikakukuta huna rangi, nikaanza kuwaza sanda. Sasa unataka ujipeleke mwenyewe? Utajifungulia nyumbani. Nimeongea na mkunga wa kwetu, atakuja."

Wakati ule nilimwona mkali. Leo ninajua alikuwa amejaa hofu, kama mimi. Mama alimwonyesha korosho, zile zile, alikuwa ameziweka kwenye ungo mafungu matatu. Mjomba alisikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi, naye alikuwa na lake.

"Mzee Hemedi je? Alipandishwa anaongea. Mimi nilikuwepo, alinisalimia. Hakuwa hoi. Na akafa."

Nilimtazama mama. Nilidhani hapo amekwisha.

"Kweli," akasema mama. "Na kwenye jamvi la mbele pia huwa zinaoza moja moja, mwulize Somoe. Sikusema anayepanda mapema hafi, kaka. Nimesema fungu lake ni lingine. Nikibaki hapa damu ikaja, ndipo mtaniweka kwenye gari, nitakuwa nimeshalowa, na mtasema gari limeniua. Kama nimeandikiwa kufa nitakufa. Ila sitaki kufa kwa sababu watu wamehesabu vibaya."

Baba alikuwa anatazama chini. Mjomba alishika fungu la korosho nyeusi, akaziachia zikaanguka kwenye ungo, akazishika tena. Hatimaye akakaa. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Basi napanda na mimi."

Jioni ile mama alikwenda kwa Mzee Mabula, akanichukua nimfuate. Sikuwahi kufika kwao. Kulikuwa na harufu ya samadi na maziwa, na Kabula alikuwa anaosha vyombo, akanitazama kisha akatazama vyombo vyake. Mzee alisikiliza ombi la mama akiwa amevua kofia.

"Nitakupeleka, mama, hilo halina shida," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha kupanda na kushuka. "Lakini hamuogopi? Mimi nasikia wanachosema watu. Nasikia mpaka watoto wanabana pumzi."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Siku zingine nasema, akija mtu nitakataa. Nitasema ng'ombe wanaumwa. Halafu mtu anakuja analia, ananiambia ndugu yake anakufa. Sasa nitakataaje? Ninamfunga ng'ombe nira, ninakwenda. Nikirudi nawaona wanafunga milango."

"Mimi nitakuja mwenyewe kwa miguu," alisema mama. "Asubuhi, jua likiwa juu. Nataka wote waone."

Na kweli alikuja kwa miguu, akipita katikati ya kijiji, kanga mpya, akisalimia kila mlango. Mzee Mabula alikuwa ametandika majani na juu yake godoro. Mama alikataa kulala. "Nikilala watasema tayari," alisema, akakaa wima kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika ubao wa pembeni. Mjomba Issa alipanda nyuma yake na mwavuli. Mtu mzima yule, mwenye ndevu, niliona amekunja madole gumba ndani ya ngumi. Ekseli ikaanza kulia. Mimi nilipumua. Nilipumua kwa nguvu, kwa makusudi, mpaka kizunguzungu kikanishika, na Mama Shaibu aliyekuwa kasimama mlangoni kwake na mimba yake changa aliniambia, "Wee Somoe, una nini?"

Mkokoteni ulirudi jioni ukiwa mtupu. Hapo ndipo elimu yote ya korosho iliponitoka. Nilipouona mtupu nilijua kwamba mama ameachwa huko ndani ya shuka. Nilikimbia nikajificha nyuma ya jiko, na aliyenifuata huko alikuwa Kabula. Hatukuwa tumewahi kuongea maneno matatu.

"Baba anasema mama yako kashuka mwenyewe," alisema. "Kashuka, kanunua karanga, kampa na baba. Hizi hapa zilizobaki."

Tulizila tukiwa tumechuchumaa nyuma ya jiko. Sijawahi kula karanga tamu kama zile, na urafiki wetu una umri wa karanga hizo.

Mama alikaa mjini, mvua zikaendelea, na habari zikawa haziji. Alipojifungua, damu ilianza, kama mwanzo, tena nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii ilianzia mahali palipokuwa na watu wa kuizuia. Walimwongezea damu, na sehemu ya damu hiyo ilitoka kwenye mkono wa Mjomba Issa, aliyekataa kurudi Chunyu na kusahau kabisa kwamba alikwenda pale kulinda maiti. Siwezi kuapa kwamba mama angebaki nyumbani angekufa. Hesabu haiapi. Ila najua angekuwa kwenye jamvi gani, na nikilifikiria hilo nampigia simu, naye ananigombeza kwa nini nimepiga wakati wa swala.

Siku ya kurudi jua lilikuwa limekausha njia, na kijana mmoja mwenye pikipiki alijitolea kumleta mama mpaka mlangoni. Mama akakataa. Alimtumia ujumbe Mzee Mabula akamsubiri barabara kubwa. Tuliisikia ekseli tangu bondeni, na watu wakatoka majumbani, wengine mikono iko kifuani tayari. Mama alikuwa amekaa wima kwenye ndoo yake, amekonda, amepauka, mtoto amemfunga kifuani, na kila mlango aliopita alikuwa anaongea. Alimuuliza huyu habari za kuku wake, akamwambia yule kanga yake imepasuka. Aliongea bila kupumzika mpaka nyumbani, mwanamke ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. Alipofika kwetu alishuka, akaniangukia begani, akaninong'oneza, "Nishike, Somoe, nimechoka." Nilimshika. Alikuwa mwepesi, alikuwa moto, alikuwa hai. Nilishukuru wakati ule kwa kulia, na nashukuru leo kwa kuandika, maana sina njia nyingine.

Mtoto yule ni mdogo wangu Jumanne, ambaye sasa ana ndevu na hupenda kunisahihisha kila ninapoisimulia habari hii, kana kwamba alikuwepo.

Maneno hayakuisha kwa siku moja. Wapo waliosema mama naye kachanjwa, na mimi nilikuwa wa mwisho kustahili kuwacheka. Mvua za mwisho wa msimu ule zilipokuja kukata njia tena, nilikuwa kwa kina Kabula asubuhi moja, tunamsaidia mama yake kumenya viazi. Mzee Mabula alikuwa chini ya mkokoteni akipaka oili. Tukamwona Mama Shaibu anakuja, peke yake, kwa miguu, anakwepa madimbwi, kifurushi kichwani na tumbo mbele. Mzee alitoka kule chini haraka, akaanza kutafuta nira, maana ukiacha mama na mimi, hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kuja pale ila kwa jambo moja.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?" aliuliza.

"Mgonjwa hakuna," alisema Mama Shaibu, akitweta. "Ni mimi mwenyewe. Bado kitambo, ila nimesema nisingoje."

Mzee Mabula alisimama na nira mkononi. Oili ilikuwa inamdondoka kwenye vidole. "Mgonjwa hakuna," alirudia, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka, kisha akamwita mkewe aache viazi aje asikie.